Mwasho wa Macho Unaozishinda Dawa za Kawaida

AFYA NA JAMII: safu ya kila wiki
Na Speciose Mukandoli

Kati ya maradhi yanayotokana na mzio, yaani hali ambayo kinga ya mwili huvishambulia vitu visivyo na madhara kama vumbi na chavua za maua, limo moja linalowaandama watoto wa shule nchini Rwanda kwa miaka mfululizo, huku wazazi wengi wakilichukulia kuwa ni macho mekundu yatakayopona yenyewe. Wataalamu hulitambua kwa jina la keratokonjunktivitisi ya vernali, nalo ni uvimbe wa muda mrefu wa utando unaofunika weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope, ambao mara nyingine huenea hadi kwenye konea, yaani kioo angavu kilicho mbele ya mboni. Mtoto mwenye ugonjwa huu hufikicha macho mchana na usiku, hukwepa mwanga wa jua, na hutoka ute mzito unaovutika nyuzi nyuzi. Katika nchi za baridi maradhi haya huja na majira ya kuchipua kisha yakatulia, lakini katika tropiki hukaa mwaka mzima, na katika mtaa kama Kanombe, mashariki mwa jiji la Kigali, miezi mikavu ya Juni hadi Agosti ambayo Wanyarwanda huiita impeshyi huleta vumbi jekundu linalotua juu ya majani, madirisha na sare za wanafunzi.

Rwanda ni miongoni mwa nchi chache za Afrika ambazo zimelichunguza jambo hili kwa kina. Stefan De Smedt, daktari wa macho aliyefanya kazi katika hospitali ya Kabgayi, pamoja na wenzake akiwemo John Nkurikiye, waliwapima wanafunzi wapatao 3,000 na kugundua kwamba takriban 4 katika kila 100 walikuwa na maradhi haya, idadi ambayo katika shule ya wanafunzi 1,000 ni sawa na darasa zima. Uchunguzi huo, uliochapishwa kati ya 2011 na 2012, ulionyesha pia kwamba maradhi huonekana zaidi kwa watoto wadogo, kwa wavulana na katika maeneo makavu, na kwamba huwakosesha wanafunzi siku za masomo.

Sababu ya dawa za kawaida kushindwa iko katika namna mwasho wenyewe unavyozaliwa. Chembe ya vumbi inapogusa utando wa jicho, kingamwili za aina ya IgE huziamsha seli ziitwazo seli za masti, nazo humwaga histamini, kemikali inayoichokoza mishipa ya fahamu na kuleta hamu ya kujikuna. Vidonge vinavyonunuliwa kwa wingi, kama setirizini na klorofeniramini, huziba mahali ambapo histamini hushikia, na kwa mzio mwepesi hilo hutosha. Katika maradhi haya, hata hivyo, histamini ni mwanzo tu, kwa sababu baada yake hufika jeshi jingine la chembe nyeupe za damu, hasa eosinofili, zinazotoa protini kali ambazo huijeruhi konea yenyewe, na kidonge cha kuzuia histamini hakina nguvu juu ya hatua hiyo ya pili. Matone ya viuavijasumu, ambayo hutolewa mara nyingi kwa kila jicho jekundu, hayasaidii kwa kuwa hakuna bakteria wa kuuawa, na maji ya majani yanayotiwa machoni huongeza jeraha na kuingiza vijidudu. Kufikicha kwenyewe ni sehemu ya ugonjwa, kwani msuguano huzifanya seli za masti zimwage histamini zaidi, na ukiendelea kwa miaka huchangia konea kupungua unene na kuchongoka, hali inayopotosha uoni na ambayo miwani ya kawaida huenda isiirekebishe.

Yapo matone yanayozuia seli za masti zisimwage chochote, kama kromoglikati ya sodiamu, lakini haya ni dawa ya kinga ambayo hutiwa mara nne kwa siku na huchukua siku nyingi, pengine wiki, kabla ya nafuu kuonekana. Mzazi ambaye hakuelezwa hivyo huyaacha siku ya tatu akiamini kwamba yameshindwa, ilhali hayajaanza kazi, na lawama hapo haimwangukii mzazi bali anayekabidhi chupa bila maelezo.

Hapo ndipo hatari kubwa inapoingia. Matone ya steroidi, yaani dawa zinazofanana na homoni ya kotisoli inayotengenezwa na mwili, kama vile deksamethasoni, huizima safu nzima ya mapambano ya kinga, hivi kwamba mtoto aliyekesha akijikuna hulala usingizi mzuri baada ya siku chache. Ni dawa ya lazima kwa mashambulizi makali, na daktari anayeiandika kwa muda mfupi hakosei. Kosa hutokea mtoto asiporudishwa kupimwa na chupa ile ile ikanunuliwa tena na tena dukani, kwa kuwa matone haya yanaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho, na kwa baadhi ya watoto huipandisha katika muda wa wiki chache tu. Presha hiyo huua polepole mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, nao ndio ugonjwa wa glakoma, ambao hauumi, hauwashi na hauonekani kwa macho ya mzazi. Matumizi ya muda mrefu huleta pia mtoto wa jicho, yaani lenzi kuingia ukungu. Inasikitisha mno kwamba mzio wenyewe kwa kawaida hupungua na kutoweka kijana anapobalehe, wakati upofu ulioletwa na glakoma haurudi nyuma, na kwa hiyo mtoto anaweza kupona ugonjwa akabaki na madhara ya dawa.

Njia nyingine ipo, na ilipimwa humu humu nchini. De Smedt na wenzake walilinganisha deksamethasoni na matone ya siklosporini ya asilimia 2, dawa inayotuliza kinga ya mwili bila kuwa steroidi, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2012 siklosporini ilileta nafuu sawa, ingawa ilichoma zaidi wakati wa kutiwa. Baadaye, mwaka 2018, Umoja wa Ulaya uliidhinisha matone ya siklosporini kwa ajili ya watoto wenye aina kali ya maradhi haya. Ni jambo la kuuliza kwa sauti kwa nini dawa iliyofanyiwa majaribio kwa wagonjwa wa Rwanda isiwe ya kawaida katika famasi za hospitali za Rwanda na katika orodha ya bima ya Mutuelle de Santé.

Nyumbani, kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi hupunguza hamu ya kufikicha, na kofia yenye ukingo mpana husaidia dhidi ya jua na vumbi. Hivyo huambatana na tiba wala haviwezi kushika nafasi yake.

Nchi inayo tayari mahali pa kuanzia. Kuanzia mwaka 2012 mpango wa Vision for a Nation, kwa ushirikiano na Wizara ya Afya, uliwafunza wauguzi huduma ya msingi ya macho katika vituo vya afya vya nchi nzima, ambavyo idadi yake inazidi 500. Safu hii inashikilia kwamba muuguzi wa aina hiyo aruhusiwe kuanzisha kromoglikati, lakini kila mtoto anayepewa steroidi aandikiwe kwenye kadi tarehe ya kuacha na tarehe ya kupimwa presha ya jicho, na duka la dawa lisiuze chupa ya pili bila kuiona kadi hiyo. Kwa wakazi wa Kanombe, Hospitali ya Kijeshi ya Rwanda, ambayo siku hizi huwahudumia raia kwa wingi, iko karibu, na kipimo chenyewe huchukua dakika chache.