MPANGAJI WA MWEZI NAYE ADAI KARATASI

Ndugu wafanyakazi,

Wengi wetu hapa Uganda tunaishi kwenye muzigo, chumba kimoja cha kulipia kila mwezi, na mapatano yetu na mwenye nyumba ni ya mdomo tu. Mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku alirudi asubuhi akakuta kufuli jipya mlangoni na vyombo vyake uani. Mwenye nyumba alisema kodi ilipanda tangu mwezi uliopita. Mwenzetu alisema hakuambiwa. Nani aaminiwe, na karatasi hakuna?

Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inakataza kupandisha kodi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Inakataza pia kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Anayelipa kwa mwezi apewe notisi ya siku 30, naye akitaka kuhama atoe notisi vilevile. Haki ina pande mbili.

Lakini sheria hiyo ina tundu. Inalazimisha maandishi kwa mapatano ya thamani ya shilingi 500,000 na kuendelea. Chumba cha mchuma chai au mkata miwa hakifiki huko. Basi aliyekodi jumba ana karatasi, mnyonge ana maneno. Asilimia 10 ya nini, kama kodi ya mwaka jana haikuandikwa popote? Na kima cha chini cha mshahara, shilingi 6,000 kwa mwezi, hakijabadilishwa tangu 1984. Kodi ikipanda ovyo, kinachopungua ni chakula cha watoto.

Wako wasemao kwamba kudai karatasi ni kumchokoza mwenye nyumba. Sivyo. Karatasi humlinda naye, kwa kuwa mpangaji hawezi kukana deni lililoandikwa.

Kwa maoni yangu, kila tawi la Chama liwe na fomu fupi, kwa lugha inayoeleweka na wote wawili: kodi ni kiasi gani, hulipwa tarehe ngapi, notisi ni siku ngapi. Watie sahihi mbele ya mwenyekiti wa LC 1, nakala moja ibaki tawini. Kila malipo yaandikwe kwenye daftari, siku ileile.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ndugu, tusingoje kufuli lituamshe.