KUKATA RUFAA SI KUTETEA UNGA



Ndugu Waislamu, kijana wetu akihukumiwa huko Marekani kwa kula njama ya dawa za kulevya, watu hunong'ona msikitini: "Mwacheni, kayataka mwenyewe." Wazazi huona aibu, hunyamaza, na siku za rufaa zinapita. Hii ni dhulma.

Unga ni haramu, hapo hatuna mjadala. Lakini tuitazame sheria yenyewe. Tangu mwaka 1988, aliyekula njama hupata adhabu ile ile ya aliyeuza. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ikaamua kuwa si lazima kuthibitisha kitendo chochote; makubaliano peke yake yanatosha. Kisha mtu anaweza kubebeshwa mzigo wa genge zima.

Kemba Smith alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Hampton, Virginia. Alimsaidia mwanamume wake, kiongozi wa genge, na hilo lilikuwa kosa. Lakini upande wa mashtaka ulikubali kuwa hakushika wala kuuza dawa. Hata hivyo alihesabiwa kilo 255 za kokeini, akafungwa miaka 24 na nusu! Wazazi wake hawakuona haya. Walihangaika mpaka Rais Clinton akampunguzia kifungo Desemba 2000, akatoka.

Qur'ani inatufundisha kuwa hakuna nafsi inayobeba dhambi ya nyingine (Al-An'am, 164). Basi vipi sisi tumwambie ndugu yetu aubebe mzigo wa wengine akiwa kimya?

Enyi wazazi na wanafunzi, fahamuni haya. Kusudio la rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14 baada ya hukumu kuingizwa rasmi mahakamani. Asiye na uwezo hupewa wakili bila malipo. Rufaa haisikilizi mashahidi upya. Inatafuta makosa ya kisheria, kama vile kiasi cha dawa alichohesabiwa mtu bila ushahidi wa kutosha. Na anayekiri kosa kwa makubaliano mara nyingi husaini kuiacha haki ya rufaa. Asisaini kabla ya kuelewa! Akitaka rufaa, amwambie wakili wake waziwazi, tena kwa maandishi.

Tunachangia harusi na mazishi. Tumchangie na mfungwa, angalau nauli ya mama yake.

Wabillahi tawfiq.