Kocha asishike filimbi

Mzozo ukitokea kwetu, uwe wa ndoa, wa kodi ya nyumba au wa steji ya boda, kuna yule ndugu mmoja anayepigiwa simu na kila mtu. Asubuhi anamwelekeza mke aseme nini. Jioni amekaa katikati, eti msuluhishi. Halafu tunashangaa mume akitoka amenuna!

Msuluhishi hana upande, wala haamui. Anawasaidia wafikie makubaliano yao wenyewe. Kocha ni wa mtu mmoja. Anamsaidia apoe hasira na ajue anachotaka hasa. Kwenye ugomvi wa ndoa, Surat An-Nisaa aya ya 35 inataja mtu wa upande wa mume na mwingine wa upande wa mke. Wawili, si mmoja.

Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama zihimize upatanishi, na 2016 mpango huo ulianza Milimani, Nairobi. Poa sana. Lakini makubaliano hayo yakishasajiliwa mahakamani, hayakatiwi rufaa. Sasa dada anayeogopa kufungua mdomo mbele ya wakwe atatia sahihi chochote, na karatasi itasema wameelewana. Huyo alihitaji kocha wiki moja kabla ya kikao, mtu wa kumuuliza tu: ukikosa hiki, watoto watakula nini?

Misikiti yetu ina wazee wa kusuluhisha. Wa kuwaandaa watu ndio hatuna, na hiyo kazi vijana tunaiweza. Ila ukishamshauri mmoja, kiti cha katikati mwachie mwingine.