Mkeka mnene si dawa ya mgongo

Msomaji mmoja wa Bariadi, mama wa miaka 51 ambaye mgongo umekuwa ukimsumbua tangu msimu wa palizi, ameniuliza anunue mkeka gani wa yoga. Ameonyeshwa picha ya mkeka mnene kama godoro la mtoto, na muuzaji amemhakikishia kuwa unene huo ndio unaotibu mgongo. Sasa anasubiri fedha za pamba ili auagize kutoka Mwanza.

Ningependa asisubiri, na fedha ikipatikana, asinunue huo.

Maswali ya namna hii yameongezeka, na ni dalili njema. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi iliyofanya Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya watu kunyoosha viungo pamoja. Tangu hapo vikundi vya jogingi vimeenea hadi miji midogo, na wengi wakimaliza kukimbia hulala chini wakajinyoosha. Wengine huita yoga, wengine hawataki jina hilo kwa sababu za imani. Mimi siwalazimishi. Misuli haijui jina la zoezi.

Turudi kwenye unene. Mikeka mingi inayouzwa madukani ina unene wa kati ya milimita 3 na 15. Ile ya milimita 10 na kuendelea huwa ya sponji laini, na ukiigusa kwa mkono dukani inavutia sana. Tatizo linaanza ukisimama juu yake kwa mguu mmoja. Sponji inabonyea, kifundo cha mguu kinayumba, na mwili mzima unahangaika kutafuta mizani. Kijana atacheka tu. Mtu wa miaka 65 akianguka kwenye sakafu ya saruji, anaweza kuvunjika nyonga. Mikono nayo haisalimiki: ukijiegemeza kwa viganja, upande wa chini wa kiganja unazama kwenye sponji, kiwiko cha mkono kinakaa sawa lakini kiungo cha kiganja kinapinda kupita kiasi. Wanaolalamika maumivu ya hapo baada ya wiki mbili za mazoezi, swali langu la kwanza ni wanatumia mkeka gani.

Mkeka mnene una kazi yake. Kama mazoezi yako yote ni ya kulala chali au ubavu, kama yale anayokupa mtaalamu wa fiziotherapia kwa ajili ya kiuno, sponji nene ni starehe isiyo na madhara. Kwa mchanganyiko wa kusimama, kupiga magoti na kulala, chukua milimita 4 hadi 6, mkeka uliokaza. Magoti yakiuma, kunja khanga mara nne uweke chini yake. Khanga unaiondoa ukisimama. Sponji huwezi kuiondoa.

Dukani fanya majaribio matatu, na muuzaji akikasirika mwache. Bonyeza kwa dole gumba kwa nguvu: ukigusa meza moja kwa moja, goti lako nalo litagusa sakafu. Utandaze chini, weka kiganja na usukume mbele: mkono usiteleze juu ya mkeka, wala mkeka usiteleze juu ya sakafu. Kisha ulalie. Mingi ina urefu wa sentimita 170 na ushee, kwa hiyo wale warefu miongoni mwetu, na Usukumani hatuna upungufu wao, kichwa au visigino vitabaki sakafuni.

Kuhusu malighafi, mpira asilia unashika vizuri kuliko yote, lakini ni mzito, jua linauharibu, na haumfai mtu ambaye ngozi yake huwasha akivaa glavu za mpira. Plastiki ya PVC inadumu miaka na kusafishwa kwake ni rahisi, ingawa mpya hunuka siku kadhaa. Wanaofanyia mazoezi nje chini ya mwarobaini wakumbuke mbigili: sponji hailindi kitu, na mwiba ukibaki ndani yake utaupata kesho. Hili ni muhimu zaidi kwa mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni, maana atachomwa asijue. Yeye avae viatu vyepesi hata akiwa juu ya mkeka.

Mkeka wa plastiki uliofumwa, ule tunaotandika wageni wakija, ni mzuri kwa kulala na blanketi juu yake. Kwa kusimama ni hatari. Juu ya saruji iliyosuguliwa unateleza kama ganda la ndizi.

Watu husahau kwamba mkeka wa kunata ni jambo la juzi tu. Huko Mysore, India, watu wamefanya yoga miaka mingi juu ya mazulia ya pamba. Mikeka ya povu ilianza kupata umaarufu Ulaya baada ya mwalimu Angela Farmer kugundua, akifundisha Ujerumani, kwamba povu la kutandika chini ya zulia linazuia miguu kuteleza. Hapo ndipo ninapopata uchungu kidogo. Simiyu ni mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, na sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Halafu mkulima wa Bariadi, aliyeumia mgongo akiipalilia, anatunza fedha yake anunue povu lililosafiri baharini. Zulia zito la pamba, lenye vipande vya mpira vilivyoshonwa chini, si kazi inayomshinda fundi cherehani wa Maswa au Lamadi. Pamba ikiwa kavu huteleza viganjani, hivyo hunyunyiziwa maji kidogo kabla ya kuanza. Halmashauri zinazokopesha vikundi vya wanawake na vijana zingelitazama hilo.

Sasa mgongo wenyewe. Maumivu mengi ya kiuno yanayotokana na kuinama shambani hupungua kwa mwendo: kutembea, kujinyoosha, kuimarisha tumbo na makalio. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na nyingi kati ya hizo hazihitaji mkeka wowote. Lakini mgongo unaouma pamoja na homa za kuja na kuondoka na jasho la usiku si wa kujinyoosha. Katika mkoa wa wafugaji, ambako maziwa mabichi bado yananywewa, nafikiria bruselosisi. Nafikiria pia kifua kikuu cha uti wa mgongo. Vipimo kwanza. Ganzi kwenye mapaja ya ndani, mguu kukosa nguvu au kushindwa kuzuia mkojo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Mwenye presha isiyodhibitiwa au presha ya macho asifanye mitindo ya kuinamisha kichwa chini, wala asibane pumzi. Mjamzito aliyepita miezi mitano asilale chali muda mrefu. Ubavu wa kushoto unamfaa.

Jambo la mwisho ni fangasi. Katika vikundi mikeka huazimwa, na mashilingi huhama pamoja nayo. Kila mtu aje na wake, au angalau na shuka la kutandika juu. Ufue kwa maji na sabuni ya kawaida, usitumie dawa kali ya kung'arisha nguo, uanike kivulini ukauke pande zote mbili kabla ya kuukunja.