SHAURI LA NYUMBANI: Safari ya Ng'ambo ya Kagera

Mwalipata kusikia ya kuwa kikundi cha mtaa wetu hapa Ngara chataka kuvuka daraja la Rusumo, kwenda kuwaangalia ndugu zetu wa Rwanda, upande wa Gahini, kwa siku 6. Walimu wengine wameniuliza namna ya kupanga safari kama hiyo. Nitawaeleza, nami nitaanza na kosa, maana kosa lenyewe lilikuwa langu.

Nalichagua juma la baada ya Pasaka, kwa kuwa waimbaji wengi wana nafasi wakati huo. Nikaandika barua kwa mchungaji wa huko, si kumwuliza, bali kumwarifu tu. Waimbaji wakaanza kujizoeza kwa ngoma na matari, na kijana mmoja akatayarisha hotuba juu ya kusameheana.

Jibu likaja, la upole sana. Mchungaji alisema kwamba tarehe 7 Aprili nchi yao huanza kuwaombolezea waliouawa mwaka 1994, na juma hilo lote hakuna arusi wala ngoma. Washarika wake wengi watakuwa makaburini. Akaomba tuje wakati mwingine.

Ndugu zangu, nalionea haya. Mwaka 1994 nalikuwa mtoto wa shule. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapata 250,000 walivuka daraja lile kwa muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco, nao mto Kagera ukawa unachukua maiti. Wazazi wetu waliwapa wageni maji na ndizi. Wala hatukuweza kujua ni nani aliyekimbia kuuawa na ni nani aliyekimbia hukumu. Hayo yote nayajua tangu utoto, nami nikasahau tarehe.

Basi kijana yule nalimwita nyumbani kwangu, tukakaa hata usiku. Alisikitika, kwa maana hotuba yake ilikuwa nzuri. Nikamwuliza, "Mwanangu, ukimwona mbele yako mama aliyezika watoto wake wote, utamwambia nini wewe uliyelala salama ng'ambo hii?" Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, heri nibebe matofali." Na kweli, barua ya pili ilipokuja, wenyeji walitaka mafundi 2 wa kuwasaidia kuezeka nyumba ya mwalimu wao, na mama mmoja ajuaye ushonaji. Mahubiri waliomba mara moja tu, siku ya Bwana, naye mkalimani watamtoa wao. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini bibi wa kijijini husali kwa Kinyarwanda chake.

Hotuba za sokoni tumeziacha kabisa. Mwaka 2018 serikali ya Rwanda ilitunga sheria ya mashirika ya dini, na makanisa mengi yasiyotimiza masharti yalifungwa. Mgeni akihubiri njiani pasipo ruhusa, yeye atarudi kwao, na taabu itambakia mwenyeji. Tena tukumbuke kwamba ule uamsho wa Gahini wa miaka ya 1930 ndio uliovuka kuja huku Bukoba. Wao walitupa kwanza. Tusiende kana kwamba twapeleka taa gizani.

Sasa hesabu ya watu. Walioandika majina walikuwa 31. Miaka iliyopita nalipata kwenda na kundi kubwa katika mtaa mwingine, tukala vizuri siku 5, na baadaye nikasikia ya kuwa mzee wa kanisa aliyetupokea alikopa maharagwe na mbuzi, akalipa deni hata mavuno ya pili. Hakutuambia; nani amwambiaye mgeni neno kama hilo? Kwa hiyo safari hii tutakwenda 12, tukichukua unga, maharagwe na mafuta yetu, na fedha ya kuni tumkabidhi mama mchungaji siku ya kwanza. Kiongozi wa waimbaji hakupendezwa, naye hata leo hanisalimu vema.

Mambo madogo nayataja upesi. Kila mtu awe na hati yake ya kusafiria mapema. Mifuko ya nailoni iachwe nyumbani. Rwanda waliikataza tangu 2008. Magari yao hupita mkono wa kuume, basi wavukao njia kwa miguu watazame pande zote mbili. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa 1: ibada yao ya saa 3 ni saa 4 kwetu. Na mwenye homa asiondoke, hata akiwa ndiye mhubiri. Ugonjwa wa Marburg ulitokea mkoa wetu wa Kagera mwaka 2023 na tena 2025, na Rwanda mwaka 2024. Haya si maneno ya kutishana.

Tumekubaliana na wenyeji twende Septemba. Nafasi moja ya fundi wa kuezeka ingali wazi. Ajuaye kazi hiyo, naye aweza kukaa siku 6 pasipo kuuliza mtu kabila lake, na aje kwangu Jumamosi baada ya sala ya jioni.