Bei Hupatanwa Kabla ya Sahihi



Nilikusudia kuandika juu ya jambo jingine kabisa, lakini kikao cha Halmashauri ya Walei cha Jumapili iliyopita kimenibadilishia mada. Wengi wenu mmekwisha kusikia, maana habari za vikao vyetu hufika vigangoni kabla ya kumbukumbu zake kuandikwa. Ni habari ya gari. Baada ya miaka miwili ya michango ya jumuiya, parokia ilitia sahihi mkataba wa kununua pikapu mpya kwa shilingi milioni 112. Tulitoa malipo ya awali ya asilimia 30, yaani 33,600,000. Zimebaki 78,400,000, nazo tutazilipa siku ya kukabidhiwa gari. Siku tisa baada ya sahihi, ndugu yetu mmoja, mtu mwaminifu na mwenye uchungu na mali ya Kanisa, alipita kwa muuzaji mwingine akakuta gari la aina ile ile, la mwaka ule ule, kwa milioni 107. Akaileta ankara kikaoni. Hapo ndipo hoja ilipozaliwa: turudi kwa muuzaji wetu, tumwekee ankara hiyo mezani, tumwambie ashushe milioni tano, la sivyo sisi hatuendelei.

Hoja ilipigiwa makofi. Mimi sikupiga, na kwa kuwa muda wa kikao ulikuwa umekwisha, sikupata nafasi ya kusema sababu. Nazisema hapa.

Kwanza niondoe dhana moja. Sina ugomvi na kupatana bei. Nimekulia katika nyumba ambamo mama hakununua hata fungu la dagaa kwa bei ya kwanza, na mpaka leo nikienda Kariakoo hurudi na furaha ya mtu aliyetoka mchezoni. Lakini soko lenyewe lina sheria yake, na kila mwanamke auzaye vitenge anaijua. Ukitaja elfu kumi na tano, naye akakwambia, “Haya, lete,” huwezi kugeuka ukaenda kuulizia duka la pili. Ukigeuka utatupiwa maneno, na maneno hayo utakuwa umeyastahili. Hapakuandikwa kitu, hapakuwa na muhuri wala shahidi, lakini bei imekwisha kutajwa na kukubaliwa. Je, lililo aibu kwa kitenge cha elfu kumi na tano lawa werevu kwa gari la milioni mia moja na kumi na mbili?

Uungwana wa kupatana bei umo katika jambo moja: kila mmoja anaweza kuondoka bila kudhurika. Mnunuzi hana alichotoa, muuzaji hana alichopoteza. Hivyo kila shilingi inayoshuka hushuka kwa sababu ya kitu chenyewe, au kwa sababu ya hamu ya mmoja kuuza na ya mwenzake kununua. Sahihi ikishatiwa, hali hiyo hubadilika kabisa. Angalieni yaliyotokea tangu siku ile. Muuzaji ametenga gari moja kwa namba yake ya chesisi, na mteja mwingine akilitaka huambiwa limeuzwa. Amelilipia ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Ameanza kulisajili kwa jina la parokia, na gari lililokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu, hata kama safari yake pekee ni ile ya kutoka bandarini, ni vigumu kuliuza tena kama jipya kwa bei ya jipya. Yote hayo ameyafanya kwa kuliamini neno letu.

Basi tukimwendea leo na tishio, hatumwambii kwamba gari lake lina thamani ndogo kuliko alivyosema. Tunamwambia: umekwisha kuingia matopeni kwa ajili yetu, utatoa kiasi gani ili tusikuache humo? Milioni tano hizo zitakuwa bei ya hofu yake, na hofu hiyo ni sisi tulioipanda.

Tena tishio lenyewe ni la namna gani? Mkataba wetu, katika ukurasa wa pili, unasema kwamba mnunuzi akijitoa bila sababu halali, malipo ya awali hayarudishwi. Hakuna hata mmoja kikaoni aliyekuwa tayari kupoteza milioni 33 ili kuokoa milioni tano. Kwa hiyo tunatishia jambo tusilokusudia kulitenda, nao ni uongo. Au tunalikusudia kweli, nako ni kuvunja ahadi kwa hasara kubwa kuliko faida. Mwenye kupendekeza na achague mojawapo.

Hoja iliyopata makofi mengi kuliko zote ilikuwa hii: fedha hizi ni za maskini. Mjane wa kigangoni ametoa elfu mbili zake, nasi hatuna haki ya kumwachia tajiri milioni tano. Naikiri nguvu ya hoja hiyo. Iliniweka macho usiku mzima. Lakini elfu mbili za mjane hazitupi haki ya kumtendea mtu wa tatu yale ambayo mjane mwenyewe hangethubutu kuyatenda. Na huyo “tajiri” ni nani? Aliyetuhudumia ni kijana wa mauzo aliyepanda basi saa saba kutuletea mkataba, akala ugali nasi, akarudi usiku ule ule. Nilimwuliza jinsi anavyolipwa. Alinieleza kwamba punguzo lolote linaloombwa baada ya mkataba huanza kukatwa katika kamisheni yake. Mwenye kampuni hatalala njaa kwa milioni tano zetu.

Ndugu mmoja msomi alitukumbusha waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, ambamo Papa Leo XIII alifundisha kwamba maafikiano peke yake hayafanyi haki itimie. Ni kweli, na nafurahi kwamba waraka huo bado unasomwa parokiani. Lakini Papa alikuwa akizungumzia mfanyakazi anayekubali ujira usiotosha kwa sababu njaa imembana, hana njia nyingine. Sisi tulibanwa na nini? Tulikaa kwenye viti vya kitambaa, tukaletewa soda, tukausoma mkataba, mweka hazina akauliza maswali mawili, tukatia sahihi. Katekisimu, namba 2410, inafundisha kwamba ahadi zitimizwe na mikataba ishikwe kwa makini, kwa kadiri yale yaliyokubaliwa ni ya haki. Bei ya milioni 112 kwa gari ambalo kwingine linauzwa 107 si dhuluma. Ni bei ya mnunuzi aliyeuliza sehemu mbili tu badala ya tano. Na mnunuzi huyo ndimi, pamoja na kamati yangu ya fedha. Gari letu la zamani lilikuwa limekufia mtoni wakati wa masika, tukawa na haraka. Milioni tano ni gharama ya haraka hiyo, na si haki kumpelekea mwingine ankara yake.

Kijana mmoja alidai kwamba zipo siku tatu za mnunuzi kujifikiria upya, kama ilivyo Marekani. Hata huko sivyo anavyodhani. Kanuni ya siku tatu ya Tume ya Biashara ya Shirikisho inahusu mauzo yanayofanyika nyumbani kwa mnunuzi au mahali pa muda. Gari lililonunuliwa katika duka la kudumu la muuzaji halimo. Uingereza nako, siku 14 za kurudisha ni za aliyenunua kwa mbali, kwa intaneti au kwa simu. Sisi tulikwenda kwa miguu yetu wenyewe. Kwetu, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 37, inawaagiza wahusika kutimiza ahadi walizopeana, na Mahakama ya Rufani, katika hukumu iliyomo kwenye juzuu la taarifa za kesi la mwaka 2000, ilionyesha wazi kwamba haipendi kusikia visingizio pasipo na ulaghai, upotoshaji, kutokuwa na uwezo kisheria, au jambo linalopingana na maslahi ya umma. Kuona bei nyingine nzuri zaidi hakumo katika orodha hiyo.

Wanasheria watanikumbusha kwamba anayedai anaweza kusamehe sehemu ya deni kwa hiari yake. Naam, kwa hiari. Mwaka 1965 huko Uingereza liliamuliwa shauri la mafundi wajenzi wadogo waliokuwa wakidai salio la pauni 482 kwa kazi waliyokwisha kuimaliza. Mdaiwa alijua kwamba wako ukingoni mwa kufilisika. Wakaambiwa: chukueni 300 au mkose zote. Wakachukua, wakatoa na stakabadhi ya kumaliza deni. Mahakama iliwapa haki ya kudai zilizobaki, kwa kuwa msamaha uliokamuliwa si msamaha. Nisomapo kesi ile, namwona mdaiwa yule akiwa na ankara ya ndugu yetu mkononi.

Wauzaji wa magari wasishangilie bado. Ninyi mnayatenda haya haya mara nyingi kuliko sisi, na mmejifunza kuyaita kwa majina mazuri. Mteja amekwisha kulipa arbuni, ameuza gari lake la zamani, ndipo simu inapopigwa: kuna “gharama za maandalizi,” kuna “marekebisho ya bei,” dola imepanda. Shilingi ilipokuwa ikidhoofika, hata katikati ya mwaka 2024 dola moja ikazidi shilingi 2,600, wako waumini walionijia na simu za namna hiyo. Kabla mwaka huo haujaisha shilingi ilikuwa imepanda hadi karibu 2,400. Sikumsikia hata mmoja aliyepigiwa simu aende akachukue chenji yake. Kanuni za mwaka 2025 zilizokataza kutaja na kupokea bei kwa fedha za kigeni katika biashara za ndani zimefunga dirisha moja. Lakini mwenye kutaka kuingia kwa dirisha hakosi jingine.

Desturi hii haina taifa. Magari yalipoadimika duniani kwa uhaba wa vipuri vya kielektroniki, wako wauzaji wa Marekani waliowataka wateja waliokwisha kuweka oda waongeze fedha juu ya zile zilizowekwa, hata mwezi Januari 2022 kampuni ya General Motors ikawaandikia mawakala wake kuwaonya. Na kabla ya hapo, dola iliposhushwa thamani kwa asilimia 10 mwezi Februari 1973, kiwanda kimoja cha kuunda meli kilidai nyongeza ya asilimia 10 kwa meli ya mafuta ambayo bei yake ilikuwa imekwisha kufungwa. Wanunuzi walikuwa wamekwisha kuikodisha meli hiyo kwa faida kubwa, wakalipa kwa shingo upande. Jaji wa Uingereza alisema baadaye kwamba huko kulikuwa kubanwa kiuchumi. Hata hivyo hawakurudishiwa, kwa sababu walikaa kimya muda mrefu mno baada ya kukabidhiwa meli. Labani alimbadilishia Yakobo ujira mara kumi, kama Yakobo mwenyewe alivyolalamika. Sijui kwa nini tunapomsoma Labani tunamwona muuzaji peke yake, wala hatujioni sisi tulioshika ankara ya pili.

Yapo mambo ambayo mnunuzi hana budi kuyasemea hata baada ya sahihi, tena kwa sauti kubwa. Gari likija na injini ndogo kuliko iliyoandikwa, likiwa la mwaka wa nyuma, likiwa limegongwa likapakwa rangi upya, tairi la akiba halimo, au muuzaji ameongeza mstari wa malipo ambao haukuwamo, sitanyamaza. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi njia: kulikataa gari pale kasoro inapogusa shina la mkataba, au kudai bei ipunguzwe kwa kadiri ya upungufu. Hapo hatupatani bei mpya. Tunadai ile ile ya zamani iheshimiwe, pamoja na kitu tulichoahidiwa. Nimemwomba fundi wetu wa kigango cha mtoni aende nasi siku ya kukabidhiwa, alale chini ya gari hilo muda apendao, nami sitaona haya kumsubiri.

Ipo pia njia ya kuomba. Ombi si tishio, na kijana yule wa mauzo akisikia kwamba gari ni la kubebea wagonjwa na makatekista, huenda bosi wake akatutupia seti ya matairi au huduma mbili za bure. Lakini ombi la kweli hujulikana kwa hili, kwamba anayeomba yuko tayari kusikia hapana. Mtu anayeomba huku ameishikilia milioni 78 nyuma ya mgongo wake hawezi kusadikiwa.

Kikao kitarudi tena Jumamosi, saa nne asubuhi, na yeyote mwenye hoja ya kunipinga aje nayo. Nitamsikiliza, na kumbukumbu zitaandikwa. Msimamo wangu, kama mmoja wa waliotia sahihi, ndio huu: fundi akiridhika, hundi ya salio zima itakabidhiwa kwanza. Barua ya kuomba punguzo, kama yupo atakayeiandika, nitaitia muhuri wa parokia, nayo itapelekwa kesho yake.