Redio ya pakiti Kyela: tafuta kwanza mtu wa pili

Nimerudi Makwale kusalimia, na kama kawaida ya masika huku kwetu, umeme ulikatika jioni, asubuhi mtandao wa simu nao ukaufuata. Mjomba alikuwa ametoka na wenzake ziwani, upande wa Matema. Siku nzima hatukujua kama wamelala nchi kavu au la. (Walilala kwa shemeji, wakila wali na usipa. Sisi huku tumbo joto.)

Ndiyo maana leo nazungumzia redio ya pakiti, kitu ambacho wengi mtasema ni cha wazee. Sikatai, wapenzi wa redio wa Montreal waliianza mwaka 1978. Kompyuta inaukata ujumbe wako vipande, kila kipande kinabeba jina la mtumaji na la mpokeaji, kisha vinageuzwa kuwa milio na kurushwa kwa redio. Kipande kikifika kimeharibika kinatupwa, kinatumwa upya. Kasi iliyozoeleka ni biti 1,200 kwa sekunde. Picha ya megabaiti 3 ingechukua zaidi ya saa tano! Lakini "tumefika Matema salama" haimalizi hata sekunde mbili. Mimi siku ile nilihitaji maneno hayo matatu tu.

Na msidhani Afrika haikuwahi kuitumia. Miaka ya 1990 shirika la SatelLife, alilolianzisha daktari Bernard Lown, lilikuwa na mtandao wa HealthNet. Madaktari wa nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, walitumiana barua na kupokea makala za tiba kwa pakiti. Setilaiti ndogo HealthSat-2, iliyorushwa 1993, ilikuwa inapita juu, inachukua barua, ikifika kwingine inazishusha. Sisi Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima, tulibaki kukodolea simu macho.

Sasa kuanza. Vijana wengi wanakimbilia kununua redio ya mkononi. Jamani, anzeni TCRA. Kurusha bila leseni ni kosa, na leseni ndiyo inayokupa jina la hewani, ambalo kwetu Watanzania huanza na 5H. Ulizia hukohuko na habari za kifaa chenyewe kabla hujatoa hela. Zamani ulihitaji pia kisanduku maalumu cha kuunganisha redio na kompyuta. Siku hizi kompyuta ndogo, waya wa sauti na programu ya bure kama Direwolf vinatosha. Zoezi zuri la kwanza ni kusikiliza tu. Kituo cha anga cha ISS kina redio ya pakiti kwenye megahezi 145.825, na inapokuwa imewashwa unaweza kunasa pakiti zake kikipita juu ya Kyela. Milio yake ni kama ya faksi, wenye umri wanaikumbuka.

Hapa chini kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu mawimbi haya yanakwenda moja kwa moja na milima ya Livingstone haipishi mtu. Ila milima hiyohiyo ndiyo bahati yetu. Kituo kidogo cha kupokeza kikiwekwa mahali pa juu, na betri na sola yake, kingeliona bonde letu la mpunga na kipande kikubwa cha ziwa.

Nisiwadanganye lakini. Redio ya ridhaa hairuhusu biashara, kwa hiyo bei ya kakao haipiti humo. Hairuhusu kuficha ujumbe pia, kila mwenye kifaa anasoma. Anayetafuta mbadala wa WhatsApp atavunjika moyo wiki ya kwanza.

Na kikwazo kikubwa kuliko milima ni upweke. Mtu mmoja mwenye redio ya pakiti ni sawa na kichaa anayejisemesha barabarani. Kwa maoni yangu, walimu wawili wa sekondari wenye vifaa vya bei nafuu, mmoja Ipinda na mwingine Matema, wana faida kwetu kuliko fundi mmoja wa mjini mwenye antena ndefu. Mimi fomu nazifuata wiki ijayo. Kuna mtu yeyote Matema?